Fahamu: Kwa nini kuelewa maelezo ya dawa ni sehemu ya tiba

Bahasha ya amoxicillin imeandikwa "1x3". Wengi humeza asubuhi, mchana na jioni, kisha usiku kucha hawamezi kitu. Lakini maana ya "1x3" ni kidonge kimoja kila baada ya saa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku.

Kuelewa maandishi kama hayo ni sehemu ya uelewa wa afya, yaani uwezo wa kupata taarifa za afya, kuzielewa na kuzitumia. Kujua kusoma pekee hakutoshi; hali ya maisha nayo ina nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, lakini mwenye presha anayekula kwa mama ntilie atapimaje?

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka kwenye dirisha la dawa, mweleze mfamasia kwa maneno yako utakavyotumia dawa. Ukikosea, atakurekebisha papo hapo.