Cheti cha Fundi Kinathibitisha Nini?

Kiwango cha umahiri ni maandishi yanayoeleza kazi ambayo mwenye cheti anatakiwa kuimudu, vifaa atakavyotumia, na kipimo kitakachoonyesha kwamba kazi imefanyika ipasavyo. Kinatofautiana na mtaala. Mtaala hueleza mwanafunzi atafundishwa nini na kwa saa ngapi. Kiwango hakihesabu saa. Katika ufungaji wa umeme wa majumbani, mtaala unaweza kusema kwamba mwanafunzi atajifunza kupima insulesheni ya nyaya. Kiwango husema kwamba kabla nyumba haijaunganishwa na umeme, fundi atazima swichi kuu, atatoa balbu na kila kilichochomekwa, atapima nyaya kwa mega ya volti 500, na hatakubali kipimo kilicho chini ya megaohomu 1. Kwa mtihani wa mtaala peke yake, mwanafunzi anaweza kufaulu kwa kueleza maana ya insulesheni. Kwa kiwango, hafaulu mpaka aipime.

Viwango vya namna hii haviandikwi na walimu peke yao. Njia iliyoenea duniani, ijulikanayo kama DACUM, ilianzia Canada mwishoni mwa miaka ya 1960. Mafundi hodari wachache wa fani moja huketi pamoja kwa siku mbili hivi, mwezeshaji akiwaongoza, wakataja kila jukumu la kazi yao na kila hatua iliyomo ndani yake. Walimu huingia baadaye, kugeuza orodha hiyo iwe masomo. Msingi wa njia hii ni kwamba anayeifanya kazi kila siku ndiye ajuaye inavyofanywa leo, ilhali mwalimu aliyetoka karakana miaka 15 iliyopita anajua ilivyofanywa wakati huo.

Ndiyo maana swali la nani aliketi mezani, na lini, lina uzito kuliko wingi wa kurasa za kiwango chenyewe. Ufundi wa magari unalionyesha hilo vizuri kuliko fani nyingine yoyote. Fundi aliyefunzwa kwa injini za kabureta alitegemea sikio, pua na mkono: alisikiliza mlio, akanusa petroli, akafungua. Kompyuta ilipoingia ndani ya gari, sehemu kubwa ya kazi ikahamia kwenye kusoma misimbo ya hitilafu kwa mashine na kuamua kama sensa imekufa kweli au waya wake tu ndio umelegea. Halafu yakaja magari ya mseto. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na magari ya aina hiyo yaliyotumika hufika Dar es Salaam na Mombasa kwa meli pamoja na mengine. Betri yake kubwa ina umeme wa zaidi ya volti 200. Nyaya zake za umeme mkubwa hufunikwa kwa ganda la rangi ya chungwa ili kumwonya anayezigusa, na kabla ya kuzifungua ni lazima betri itengwe, fundi asubiri chaji iliyobaki kwenye kapasita ishuke, kisha apime kuhakikisha kwamba umeme haupo. Fundi asiyejua hatua hizo anaweza kufa akiwa na cheti halali mfukoni. Kiwango cha ufundi magari kisichotaja volti hizo kimepitwa na wakati, hata kama kimechapishwa upya na nembo mpya.

Nchini Tanzania, vyombo vinavyosimamia mambo haya vimejengwa kwa awamu. Zamani mafundi walipimwa kwa majaribio ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na hadi leo wapo wanaojitambulisha kwa gredi zao. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA. Sheria ya mwaka 1997 ikaunda baraza la elimu ya ufundi, NACTE, kwa ajili ya vyuo vya ngazi ya juu zaidi. Ngazi za tuzo zikapangwa kama ngazi za nyumba: ya 1 hadi ya 3 ni za ufundi stadi, ya 4 na kuendelea ni za elimu ya ufundi, kuanzia astashahada hadi shahada ya uzamivu katika ngazi ya 10. Mwaka 2021 udhibiti wa mafunzo ya ufundi stadi ulihamishiwa kwenye baraza, ambalo sasa linaitwa NACTVET, VETA ikabaki na kazi ya kutoa mafunzo.

Badiliko hilo la 2021 linastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu ndiyo hatua iliyogusa kiini cha ubora. Kabla yake, chombo kimoja kilimiliki vyuo, kilisajili vyuo vya wengine, na kilitahini wanafunzi wa pande zote mbili. Hata pasipo nia mbaya yoyote, anayefundisha huvutwa kuona kwamba amefundisha vizuri. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17024, kinachohusu uthibitishaji wa watu, huhesabu kufundisha na kutoa cheti chini ya paa moja kuwa tishio kwa usawa wa upimaji, tishio ambalo ni lazima lidhibitiwe. Kenya iliitenga kazi hiyo mapema kidogo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda TVETA ya kusajili na kukagua vyuo, na baraza la CDACC la kuandaa mitaala na kusimamia upimaji, na sheria ya mwaka 2014 ikaunda KNQA ya kutunza mfumo wa taifa wa sifa.

Kutenganisha ofisi, hata hivyo, hakutoshi. Upimaji wa umahiri ni ghali. Mtihani wa karatasi unaweza kufanywa na watu 300 ukumbini kwa saa tatu. Upimaji wa kuchomelea bomba hutaka mashine, chuma, gesi, na mpimaji anayeweza kutazama watu wachache tu kwa siku moja. Bajeti inapobana, kinachopunguzwa kwanza ni vitendo, na upimaji hurudi polepole kwenye maswali ya kuandika huku jina la umahiri likibaki palepale kwenye cheti. Hapo ndipo viwango hufa, na hufa bila mtu kutangaza. Karakana zenye vifaa vinavyotumika sokoni na wapimaji waliotoka viwandani, wanaolipwa vizuri na wanaopimwa wenyewe, vina manufaa makubwa kuliko mfululizo wa kozi mpya.

Sehemu kubwa ya ujuzi wa ufundi katika Afrika Mashariki haikupatikana chuoni. Imetoka gereji bubu, karakana za Jua Kali na maeneo ya ujenzi, ambako kijana huanza kwa kushika spana na miaka mingi baadaye anaongoza kazi. Kwa watu hawa upo utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hatakiwi kurudi darasani. Hupimwa kwa kazi yake, huonyeshwa mapengo aliyonayo, hufunzwa hayo tu, kisha hupewa cheti. Utaratibu huu una haki ndani yake, lakini una mtego mmoja. Fundi aliyejifunza kila kitu kwa Kiswahili cha karakana akipewa maswali ya Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake. Vivyo hivyo Kiswahili cha kamusi kinaweza kumtatiza mtu ambaye maisha yake yote amesema ethi, kleti na gasketi. Maswali ya upimaji yanapaswa kutumia maneno ya kazini, na jibu la vitendo likubaliwe kuwa jibu.

Katika TEHAMA hali ni nyingine kabisa, maana hapo makampuni ya kigeni yalishakuwa na vyeti vyao kabla ya mataifa mengi kuandika viwango. Cheti cha CCNA cha Cisco humalizika muda wake baada ya miaka 3, na mwenye nacho asipokihuisha hakihesabiki tena. Stashahada ya chuo haina mwisho. Kwa fani inayobadilika kwa kasi hiyo, kampuni imeelewa jambo ambalo vyuo vingi havijalikubali. Hata hivyo cheti cha kampuni hupima ujuzi wa bidhaa za kampuni, na kulipia mtihani wake kwa dola kunawafungia nje wengi. Tume ya TEHAMA ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2015, husajili wataalamu wa fani hiyo, na kielelezo cha kufuata kipo jirani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi haimsajili mhitimu kuwa mhandisi kwa shahada pekee. Humtaka afanye kazi chini ya uangalizi, na mpango wake wa mafunzo hayo huchukua miaka 3. Mtu anayelinda mifumo ya benki au kumbukumbu za wagonjwa hana sababu ya kudaiwa machache kuliko anayesanifu daraja.

Kuhusu kuvuka mipaka, wahandisi wametangulia. Bodi za Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba wa kutambuana mwaka 2012, na Rwanda ikajiunga baadaye. Mkataba huo unahusu wataalamu waliosajiliwa na bodi. Fundi mwenye cheti cha ngazi ya 2 au ya 3 haumgusi, ingawa ndiye anayevuka Namanga na Mutukula kutafuta kibarua.

Mabaraza ya nchi hizi yanaweza kuanza na jambo jepesi lisilohitaji sheria mpya: kuchapisha, kwa kila kiwango kinachotumika, tarehe kilipopitiwa mara ya mwisho na fani za watu walioketi kukipitia. Mwajiri, mzazi na kijana anayetafuta chuo wana haki ya kuziona tarehe hizo kabla hawajalipa ada.