Kware mgeni asije akawamaliza wenyeji

WAHENGA walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wewe unayefuga kware, itumie methali hiyo kwa hadhari, kwani ndege mmoja mgeni aweza kukumalizia kundi zima.

Ni kweli kwamba wageni wanahitajika. Ukizidi kuangua mayai ya kundi moja, ndugu watazaana wao kwa wao. Baada ya vizazi vichache mayai mengi hayataanguliwa, na vifaranga watakuwa dhaifu. Kware wa Kijapani, ambao ndio hufugwa zaidi, huumia kwa jambo hili upesi kuliko kuku. Basi tafuta damu mpya, lakini fuata utaratibu.

Kabla ya kununua

Nunua kwa mfugaji atakayekubali uone banda lake. Kataa ndege aliyejikunyata, anayekoroma au mwenye macho ya machozi. Epuka pia waliochanganywa na kuku, kwani maradhi kama Newcastle huambukizana. Usisahau sheria: wakati watu wengi walipokimbilia kware mwaka wa 2013 na 2014, wafugaji walitakiwa kuwa na leseni ya KWS. Uliza kwanza katika afisi zao.

Watenge kwa wiki nne

Ndege aweza kuonekana mzima kumbe amebeba ugonjwa. Kwa hivyo waweke wageni katika kizimba chao, mbali na wenyeji, na uwape vyombo vyao vya maji na chakula. Kila siku hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni na kubadilisha viatu. Kama ni mtoto anayewalisha, mweleze sababu naye ataifuata kanuni.

Chunguza chini ya mabawa kama kuna chawa au utitiri. Tazama kinyesi pia. Kikiwa na damu au kikiwa majimaji meupe, mwite daktari wa mifugo, wala usibahatishe dawa za dukani. Kuna ugonjwa wa vidonda vya matumbo unaoua kware wengi kwa muda mfupi. Akifa mmoja, anza kuhesabu wiki upya.

Siku ya kuwachanganya

Madume hudonoana vichwa na macho. Dume mmoja awe na majike wawili au watatu, na ukileta dume mgeni, mwondoe mwenyeji. Watie wote katika kizimba kilichosafishwa ambacho hakuna anayekidai kuwa chake. Fanya hivyo jioni, taa ikiwa hafifu, wala usimtie mgeni mmoja peke yake kati ya wengi. Ukiona damu, mtoe aliyejeruhiwa mara moja, kwani wenzake watazidi kumdonoa.

Subiri wiki mbili kabla ya kukusanya mayai ya kuangua, ili mbegu ya dume wa zamani iishe kwa majike.

Je, una mashine ya kuangulia? Basi waweza kununua mayai yenye mbegu badala ya ndege. Huanguliwa kwa siku 17 au 18, na hatari ya maradhi hupungua, ingawa haiishi kabisa.

Wiki nne si nyingi. Kundi ulilolilea mwaka mzima laweza kuisha kwa siku chache.