Rangi ya Shaba kwa Moto, na Haki ya Mnunuzi



Wiki hii tuliulizwa suala na binti mmoja wa mtaani kwetu, mbele ya mumewe, barazani kwao. Yeye huunda bangili na vipuli vya shaba na kuvitia rangi kwa moto, na kazi hiyo ndiyo inayolipa karo ya wanawe. Alisema: "Sheikh, kuna mama aliyeniletea bangili aliyoinunua kwangu, rangi yote imetoka. Nikamwambia kosa ni lake, akaondoka kimya. Je, pesa zake ni halali yangu?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba kwanza atuonyeshe kazi yake, kwani hukumu ya kitu hutanguliwa na kukijua kitu chenyewe.

Aliketi uani penye hewa, watoto wakiwa wamewekwa mbali. Alichukua bangili ya shaba nyekundu, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akaiosha kwa sabuni na kuikausha kwa kitambaa safi. Baada ya hapo hakuigusa tena kwa kidole, maana mafuta ya kidole huacha doa. Aliishika kwa koleo juu ya tofali kavu la udongo, akawasha kichomeo chake kidogo cha gesi, akawa anaupitisha moto huku na huku bila kuutuliza mahali pamoja.

Haukupita muda ikaja rangi ya chungwa, kisha nyekundu iliyokoza, kisha zambarau, na buluu ikaanza kuchungulia ukingoni. Hapo akauondoa moto. "Ukingoja mpaka uione rangi unayoitaka, Sheikh, umechelewa," alituambia. "Shaba hubaki na joto, nayo rangi huendelea kutembea hata moto ukiwa umeondoka." Akizidisha, bangili huwa nyeusi, na hapo hana budi kurudi kwenye msasa na kuanza upya.

Ni nini basi kilichotokea? Hakuna rangi iliyopakwa. Shaba ikipata moto huungana na oksijeni iliyomo hewani, ikavaa utando mwembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara. Mwanga hurudishwa na uso wa utando huo, na hurudishwa pia na shaba iliyo chini yake. Miali hiyo ikikutana, baadhi ya rangi hufifia na nyingine hudhihirika. Kadiri utando unavyonenepa ndivyo rangi inavyogeuka. Ni jambo lile lile tulionalo katika povu la sabuni, au katika mafuta yaliyomwagika juu ya maji barabarani.

Jibu la suala letu limo humo. Utando mwembamba kiasi hicho hauhimili msuguano wala jasho. Ama ndimu na chumvi, ambazo mama zetu walisugulia sinia zao za shaba, huuondoa kabisa, kwani ukali wa ndimu huuyeyusha. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba yule mama aliisugua bangili yake kwa ndimu, kama alivyofunzwa nyumbani kwao.

"Ulijua kwamba ndimu huondoa rangi hii?" tulimwuliza.

"Nilijua, Sheikh."

"Ulimwambia?"

Akainamisha kichwa.

Tulimweleza kwamba muuzaji anayeijua kasoro ya bidhaa yake akainyamazia amemkosea mnunuzi, hata kama kasoro hiyo ni maumbile ya bidhaa yenyewe. Kwa maoni yetu, hiari ilikuwa ya yule mama: arudishiwe pesa zake, au aridhishwe kwa njia nyingine. Mumewe, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akasema: "Lakini si rangi yenyewe hurudi kwa dakika chache tu?" Ni kweli. Jioni ile yule mama aliitwa, akaombwa radhi na kupewa hiari yake. Alichagua bangili itiwe rangi upya, na safari hii ikapakwa nta ya nyuki juu yake.

Kwa familia zinazotaka kuingia katika kazi hii, tuna nasaha tatu.

Kwanza, shaba ipatikane kwa njia ya halali. Nyaya za umeme na za simu ziliibwa nchini hata serikali, Januari 2022, ikasimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Muuzaji asiyeweza kueleza waya wake umetoka wapi, aachwe.

Pili, tuilinde afya. Waya wenye plastiki au vanishi usichomwe. Plastiki itolewe kwa kisu. Shaba ya manjano ina zinki, na ikizidi moto hutoa moshi unaodhuru mapafu. Kazi ifanywe nje, mbali na watoto na mitungi ya gesi.

Tatu, kila pambo liuzwe pamoja na maelezo yake: rangi hii imeletwa na moto, itapungua kwa kuvaliwa, isiguswe na ndimu, na ivuliwe wakati wa kuoga. Nta au vanishi huilinda kwa muda, ingawa vanishi hupunguza mng'ao wake.

Binti yule sasa huyaandika maneno hayo kwenye kikaratasi na kukifunga pamoja na kila bangili. Alihofia wateja wangekimbia. Yule mama amekwisha kurudi, naye amemleta dadake.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.