Kagua Meno ya Mifugo Kabla ya Kiangazi

Mfugaji, umempa kondoo wako dawa ya minyoo, majani yapo, lakini bado anakonda. Mwangalie mdomoni. Huenda anashindwa kukata au kutafuna majani kwa sababu ya ugonjwa wa fizi.

Jino hushikiliwa na mfupa wa taya. Mabaki ya majani yakinasa kando ya jino, ufizi huvimba na kuachana nalo. Vijidudu huingia hapo na mfupa huliwa taratibu. Jino huonekana refu, hulegea, mwisho hung'oka. Mfupa ulioliwa haurudi. Ndiyo maana ni muhimu kujua mapema.

Kwa wafugaji wa Usangu, Pawaga na Isimani, kagua mwezi Mei au Juni, mvua zikiisha na mnyama akiwa bado na mwili.

TAHADHARI: Mnyama anayetoa mate mengi, anayeshindwa kumeza au aliyebadilika tabia, usimtie mkono mdomoni. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mate pamoja na vidonda na kuchechemea huweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo. Mtenge, umwite mtaalamu wa mifugo.

Jinsi ya kukagua

1. Mshike kichwa vizuri, kisha ushushe mdomo wa chini. Meno ya mbele ni manane na yako chini tu. Juu kuna ufizi mgumu; hapo hajang'oka kitu.

2. Tazama ufizi. Uliovimba, ulioshuka, wenye usaha au harufu mbaya ni mgonjwa.

3. Gusa kila jino. Kucheza kidogo ni kawaida kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Linaloyumba sana, au mnyama akishtuka kwa maumivu, hapo pana tatizo.

4. Usiingize vidole kwenye magego, ni makali. Papasa taya kwa nje, ukilinganisha pande mbili. Tafuta uvimbe, maumivu, au majani yaliyojaa shavuni.

Usichanganye na umri. Kondoo hubadili meno ya mbele kuanzia mwaka 1 na zaidi hadi karibu miaka 4. Ng'ombe huanza karibu na miaka 2. Jino la utoto likilegea, utaona jipya likichomoza.

Uamuzi

Meno machache ya mbele yamelegea, magego ni mazima: mlishe karibu na nyumbani. Mpe majani laini yaliyokatwakatwa, pumba za mpunga au mashudu ya alizeti, ukianza kidogo kidogo. Usimpandishe tena.

Meno kadhaa yameng'oka, au magego yanauma: muuze au mchinje sasa. Ukingoja Oktoba, utauza mifupa au utamkosa kabisa. Kama amechomwa sindano ya antibiotiki, subiri kwanza siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Taya lina uvimbe mgumu: mwite daktari wa mifugo. Usitumbue, wala usimng'oe jino kwa koleo.

Waulize pia watoto wanaochunga. Wao ndio wa kwanza kumwona anayebaki nyuma ya kundi, au anayedondosha majani yaliyotafunwa nusu. Mnyama huyo akaguliwe jioni hiyohiyo zizini.