Maamkizi ya Boma na Shirika la Roho Mtakatifu

Mtu atokaye mjini Arusha akielekea kusini hata afike Terrat, akiuacha Mlima Meru nyuma ya mgongo wake, huona nyumba za bati zikipungua na maboma ya miiba yakizidi. Na mtoto mchungaji, amwonapo mzee njiani, humsogelea na kuinamisha kichwa bila ya kunena neno, mpaka mzee yule amwekee kiganja utosini. Hayo ndiyo maamkizi ya Wamaasai na ya Waarusha jirani zao, na mgeni asiyeyajua hunyoosha mkono, akamwacha mtoto ameinama akingoja baraka isiyokuja.

Naanza na kichwa cha mtoto kwa kuwa habari ya Shirika la Roho Mtakatifu, katika nchi hii, ni habari ya wageni waliochukua muda mrefu kujifunza maamkizi. Shirika hilo lilianzishwa Paris siku ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1703, na Claude Poullart des Places, kijana wa miaka 24 aliyesomea sheria, akakusanya wanafunzi mafukara waliotaka upadre. Mwaka 1848 likaungana na wafuasi wa François Libermann, mwana wa rabi wa Kiyahudi kutoka Alsace, ambaye mwaka uliotangulia aliwausia wamisionari wake wa Dakar na Gabon waivue Ulaya pamoja na desturi zake, wakae na Waafrika kama Waafrika.

Wosia ule haukutimizwa upesi. Padre Antoine Horner aliwasili Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 misheni ikafunguliwa Bagamoyo, ambako watumwa walikombolewa na kujengewa kijiji chao. Ihsani kubwa bila shaka, ila aliyekombolewa alipangiwa saa ya kulima na saa ya kusali, na mila za kwao hakuulizwa. Kutoka pwani mapadre wakapanda hata Kilimanjaro, na jimbo la Arusha lilipoundwa mwaka 1963, askofu wake wa kwanza, Dennis Durning, alikuwa mwanashirika kutoka Marekani.

Ndipo mwaka 1966 Padre Vincent Donovan, naye Mmarekani wa shirika hilohilo, alipotazama misheni ya Loliondo, yenye shule na hospitali, akakiri kwamba Wamaasai wazima walioishika dini ni kama hawapo. Akamwomba askofu ruhusa ya kwenda maboma kwa maboma, pasipo zawadi wala ahadi, azungumze na wazee habari za Mungu tu. Akaenda kufundisha, akafundishwa. Kwa Wamaasai nyasi ni kitu cha heshima kuu, kwani ndizo uhai wa ng'ombe, na mwenye kushika nyasi mkononi huwa ameomba amani. Basi siku ya misa kishada cha nyasi kilipitishwa mkono kwa mkono, mzee kwa mzee, nyumba kwa nyumba, bomani mote. Na kama yuko aliyekataa kukipokea kwa sababu ya uhasama na mwenziwe, misa siku hiyo haikuwapo. Katika yote niliyoyasoma juu ya shirika hili, halijanigusa jambo kama hili: padre aliyevuka bahari, mkate na divai viko tayari, naye ameketi akingoja hukumu ya nyasi.

Leo shirika limeenea katika nchi zaidi ya 60, toka Brazili hata Pakistani, na huko Pittsburgh lina Chuo Kikuu cha Duquesne, kilichoanzishwa mwaka 1878. Na hapa Arusha, katika seminari yake ya Njiro, vijana wa Afrika Mashariki wanajiandaa kutumwa ugenini kama walivyotumwa wale wa kwanza. Nawasihi, kwa taadhima, wafikapo huko, kabla ya kufungua kitabu, waulize kwanza jinsi mtoto wa nchi ile anavyoamkiwa.