Mfundishe Kuruka, Asijifunze Kuruka Ukuta

Mbwa wa Tegeta au Chamazi, Dar es Salaam, hahitaji mwalimu wa kumwonyesha namna ya kuruka. Mtaro anauruka, msingi wa nyumba isiyokwisha anauruka, na usiku akisikia wenzake wanabweka mtaa wa pili, huanza kuupima ukuta. Asichokijua ni kusubiri aambiwe, na kutua bila kujiumiza. Hayo mawili ndiyo somo lenyewe. Kimo ni mbwembwe za baadaye.

Kwanza umri. Wengi hununua mtoto wa German Shepherd na wiki hiyohiyo wanamrusha juu ya viti. Mifupa ya mbwa hurefuka kwenye tabaka laini la gegedu lililo karibu na ncha zake. Kwa mbwa wadogo tabaka hilo hukomaa likawa mfupa kati ya miezi 9 na 12 hivi. Kwa wakubwa huweza kufika miezi 18. Likiumia kabla ya hapo, mguu unaweza kukua umepinda. Kwa hiyo mtoto wa mbwa apite juu ya ufito uliolala chini, basi. German Shepherd huweza pia kurithi kasoro ya nyonga zisizokaa sawasawa, na ni vyema daktari wa mifugo amwangalie kabla ya mazoezi. Yule wa kienyeji tunayemwita koko, mwepesi na mwenye miguu mirefu, kwa kazi hii namweka mbele ya mbwa wengi wa bei mbaya.

Vifaa havina gharama: kipande cha bomba la plastiki la maji na matofali mawili. Bomba lilale juu ya matofali bila kufungwa, ili akiligusa lianguke lenyewe. Mchanga wa Mbagala hupokea miguu vizuri. Vigae vya barazani vinateleza, na saruji inaumiza viungo. Fanya kazi alfajiri au jua likishazama. Mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema, na kwa unyevu wa hewa ya Dar mwezi Machi, kuhema hakumsaidii sana.

Mbinu yenyewe ipo karibu kuliko tunavyodhani. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini tangu mwaka 2000. Panya akipatia, kidude kinalia "ta!", kisha anapewa ndizi. Magawa, panya aliyefundishwa huko na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la tiba ya wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Hakuna aliyemchapa. Nyumbani, kifuniko cha chupa ya jemu kinachobonyea katikati kinatoa mlio uleule. Bonyeza, mpe dagaa mkavu; rudia mpaka akisikia mlio ageuze kichwa kutafuta dagaa wake.

Sasa angalia dagaa anawekwa wapi, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimshika juu mkononi, mbwa ataruka kuelekea juu, atapinda kiuno akiufuata mkono wako na kutua kwa miguu ya nyuma, uti wa mgongo ukibeba uzito wote. Bonyeza akiwa hewani, kisha mtupie dagaa chini, hatua mbili mbele ya bomba. Atatazama mbele, atatua kwa miguu ya mbele na kuendelea moja kwa moja. Neno "ruka" lianze akishazoea kuvuka, si kabla. Akiangusha bomba mara mbili mfululizo, lishushe. Dakika chache zinatosha, na acha angali anataka zaidi.

Akishatulia, mkalishe mbele ya bomba na ukae kimya kidogo kabla ya kumwambia. Akiruka bila neno, usimkemee. Hakuna mlio wala dagaa, anarudishwa mwanzo. Tairi la bodaboda lililosimamishwa chini linafuata, ila lipapase ndani kwanza, kwa kuwa yaliyokwisha hutoa nyaya.

Usiweke bomba karibu na ukuta wala geti, na usimfundishe kupanda juu ya kitu ili aruke kutoka hapo. Kuta zetu zina vipande vya chupa juu, na mbwa anayefungiwa bandani kutwa nzima ana nguvu za kutosha kuvijaribu usiku. Akitoka huko nje hajachanjwa kichaa cha mbwa, kosa ni lako.

Wageni nao ni somo. Jirani aliyevaa kanzu akielekea msikitini hapaswi kurukiwa hata kwa mapenzi, kwani kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi. Anayerukiwa ageuke, asimguse wala asiseme neno. Dagaa atoke miguu yote minne ikiwa ardhini. Nyumba nzima ikubaliane, kwa sababu mtoto mmoja anayecheka akirukiwa anatosha kuvuruga kazi ya mwezi mzima.