Umelipia Mwanga, Udai

Kila bei ya tiketi ya sinema inapopanda, lawama humwendea mwenye ukumbi. Watu hupiga hesabu ya haraka: ukumbi una viti mia mbili, tiketi ni elfu kumi na tano, basi jamaa kwa onyesho moja kaondoka na milioni tatu. Hesabu hiyo ina makosa mawili. Nitaanza nayo, kisha nifike kwenye lawama anazostahili kweli, maana zipo.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba fedha zote ni zake. Tuchukue tiketi ya Sh15,000, bei ambayo mkazi wa Dar es Salaam hataruka akiisikia. Kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, kodi ya asilimia 18 imo ndani ya bei hiyo, kwa hiyo Sh2,288 ni za Serikali. Zinabaki Sh12,712. Hapo anaingia msambazaji. Kwa desturi ya biashara hii duniani, filamu kubwa ya Hollywood haiuzwi kwa ukumbi. Inakodishwa kwa mgawo wa mapato, na mgawo huo huzungukia nusu: wiki ya kwanza fungu la msambazaji huwa nono zaidi, kisha hupungua kadiri wiki zinavyosonga. Tukisema nusu kwa nusu, mwenye ukumbi amebaki na Sh6,356. Humo ndimo anamotoa pango la ndani ya jengo la maduka, umeme wa viyoyozi, mafuta ya jenereta, mishahara, vipuri vinavyonunuliwa kwa dola na mkopo wa projekta. Uone pia ujanja wa mgawo wenyewe: wiki ambayo ukumbi unafurika ndiyo wiki ambayo msambazaji anachota zaidi.

Kosa la pili ni kudhani viti vyote vinajaa. Vinajaa Ijumaa usiku na Jumamosi. Jumanne saa nane mchana unaweza kukuta watu watano ndani ya viti mia mbili, na projekta inawaka vilevile, kiyoyozi kinanguruma vilevile. Kiti kilichokaa kitupu saa nane hakiuziki tena saa mbili usiku. Kwa hiyo mtazamaji wa Jumamosi analipia na upweke wa Jumanne. Ndiyo maana kumbi nyingi hushusha bei siku fulani za katikati ya wiki. Mwenye nafasi siku hizo asione haya kuzitumia. Filamu ni ileile, na hakuna mtoto anayekupiga teke mgongoni.

Halafu kuna bisi. Fedha za bisi na soda hazigawanywi na msambazaji, zote hubaki ukumbini. Punje ya mahindi ya bisi ikipasuka hutanuka hadi mara arobaini ya ukubwa wake, hivyo ile ndoo unayobeba kwa mikono miwili ina hewa nyingi, chumvi kidogo, na mahindi ya kujaza kiganja. Hewa hiyo ndiyo inayolipa pango. Familia ya watu wanne ikikata tiketi, ikanunua bisi, soda na maji, kisha ikachukua bajaji ya kurudi nyumbani, laki inanyemelewa. Ni fedha nyingi, lakini bisi hailazimishwi mtu, na bei ya tiketi, ukiifungua hivi, inaeleweka.

Nisichoweza kukitetea ni kile kinachotua kwenye skrini.

Wazee wetu wakianza kusimulia kumbi za Avalon, Empire na New Chox za Dar es Salaam, au Majestic ya Vuga kule Unguja, utadhani kila kitu kilikuwa bora. Kilichokuwa bora ni umati. Mwigizaji wa India Raj Kapoor alipoingia na *Awaara* miaka ya 1950, mji mzima ulikwenda, na bei zilipangwa kwa madaraja: wa mbele kabisa, shingo juu, walilipa kidogo, na wa ghorofani wakalipa zaidi. Picha yenyewe ilikuwa na matatizo yake. Mkanda ulifika kwetu ukiwa umeshachoshwa na miji mingine, una michirizi, una mahali palipokatika pakaungwa. Kulikuwa na wakati nakala moja ilionyeshwa katika kumbi mbili usiku mmoja, kijana akikimbiza magurudumu ya mkanda kwa baiskeli kutoka ukumbi huu kwenda ule. Baiskeli ikipata pancha, watu walikaa gizani wakipiga miluzi.

Dijiti iliyafuta hayo yote. Leo filamu hufika kama faili kwenye diski au kupitia intaneti, limefungwa kwa siri, na msambazaji hutuma ufunguo unaofanya kazi kwenye seva moja tu ya ukumbi, kuanzia saa fulani ya siku fulani hadi saa fulani. Ufunguo ukichelewa, onyesho linachelewa, na wewe huambiwa kuna hitilafu ndogo ya mitambo. Jambo la maana ni hili: faili linalofunguliwa Mlimani City halina tofauti na lile la London. Halina mchirizi, halijakatika, halijachoshwa na mtu. Kwa hiyo picha ikiwa mbovu, ubovu haukuja na filamu. Umo ukumbini.

Ubovu wenyewe mara nyingi ni mwanga. Kiwango kinachokubaliwa na studio ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba ya skrini, kikipimwa katikati kwa mwanga mweupe usio na picha. Projekta nyingi zimetegemea taa ya zenoni, ambayo ina tabia mbaya: haiungui ghafla kama globu ya sebuleni, inafifia pole pole wiki hadi wiki. Taa mpya ni ghali, na anayepanga bajeti hukaa ofisini. Matokeo yake taa inayotakiwa kutolewa inaongezewa miezi, na nyingine inaendeshwa kwa umeme pungufu ili idumu. Hakuna mtazamaji anayegundua, kwa sababu jicho huzoea giza na kila aliyekaa ndani anaona kitu kilekile. Projekta za leza zimepunguza tatizo hili sana, maana chanzo chake cha mwanga hudumu makumi ya maelfu ya saa. Lakini na leza hufifia, na kioo cha dirisha la chumba cha projekta kikishika vumbi, leza haikusaidii.

Kwa nini nalikalia jambo la mwanga? Kwa sababu mwanga ukipungua, picha haipungui kwa usawa. Sehemu nyeupe zinabaki nyeupe kiasi, na sehemu za giza ndizo zinazokufa kwanza. Nyuso zetu zimo upande huo wa ngazi. Mchoro wa shavu la mwigizaji mweusi aliyepigwa taa ndogo ya upande, jasho kwenye paji, jicho linalogeuka kabla ya neno kusemwa, vyote hivyo mpiga picha alivihesabu kwa kandela 48. Ukumbi ukitoa 20, unabaki na kivuli kinachozungumza. *Black Panther*, ambayo ilizinduliwa pia Kisumu mwezi Februari 2018, ina tukio la usiku katika msitu wa Sambisa karibu na mwanzo. Katika ukumbi wenye taa iliyochoka, tukio lile hugeuka mchezo wa redio. Na *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyotoka riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, imejengwa juu ya vivuli vya vichochoro vya Unguja. Filamu ya namna hiyo ikiwekwa chini ya taa hafifu, kazi ya watu wengi imetupwa.

Filamu za 3D, zile za kuvaa miwani, zinaongeza chumvi kwenye kidonda. Kichujio cha projekta pamoja na miwani hula zaidi ya nusu ya mwanga, na bado unatozwa nyongeza. Mwaka 2011 gazeti la *Boston Globe* la Marekani liliandika jinsi kumbi kadhaa zilivyokuwa zikiacha lenzi ya 3D kwenye projekta hata zinapoonyesha filamu za kawaida, kwa kuwa kuibadilisha kulihitaji muda na fundi. Mwanga ulipotea hadi asilimia 85. Kama ilitokea Boston, kwenye mafundi wengi, sioni kwa nini tuamini kwamba huku haiwezekani. Ushauri wangu kuhusu 3D ni mfupi: kama filamu ileile ipo bila miwani, ichukue hiyo. Navumilia miwani kwa filamu chache sana, na *Avatar* ya 2009 ni mojawapo.

Wengine hulalamikia kitu ambacho hakistahili lawama. Husema picha ya sinema si kali kama ya televisheni yao mpya. Ni kweli kwa hesabu: projekta ya 2K ina nukta 2,048 kwa upana, wakati televisheni ya kawaida ya HD ina 1,920, hivyo tofauti ni ndogo mno, na televisheni ya 4K inaishinda. Hatuendi sinema kwa nukta. Tunakwenda kwa ukubwa wa uso wa mtu, giza la kweli, na sauti ambayo jirani yako wa Sinza hatakuruhusu uipige.

Sauti nayo ina namba yake. Vifaa vya kumbi vina kipimo ambacho namba 7 ndiyo sauti aliyoisikia mwenye filamu akiichanganya studio. Meneja akipata mzee mmoja wa kulalamika, anashusha hadi 5 au 4, na haipandishwi tena. Milipuko inakuwa ya heshima, lakini mazungumzo yanazama chini ya muungurumo wa kiyoyozi, na katika joto la Dar es Salaam kiyoyozi hakizimwi. Jambo jingine: maneno ya waigizaji hutoka hasa katika spika moja ya katikati, iliyowekwa nyuma ya skrini yenyewe, ambayo ina matundu madogo madogo ya kupitisha sauti. Spika hiyo ikichoka au ikiunguzwa, muziki unaendelea kuvuma pembeni kwa raha zake na steringi anafungua mdomo bila kusikika vizuri. Watazamaji wengi huondoka wakidhani Kiingereza kilikuwa kigumu.

Hilo la lugha ndilo ambalo vibanda umiza vililijua mapema. Kwa mia chache za shilingi, ukiwa umebanwa kwenye benchi mbele ya televisheni, ulimpata mtafsiri Lufufu akikusimulia kila kitu kwa Kiswahili, na kule Kenya DJ Afro amejaza mitaa kwa mtindo wake huohuo. Kiufundi ni ubora duni kabisa, lakini mtu anaelewa na anacheka. Kumbi za kisasa zinaonyesha filamu kwa Kiingereza bila hata maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kisha zinashangaa kwa nini Mbagala haiji.

Na mpinzani mwingine amekaa mfukoni: simu. Zamani filamu ilikaa ukumbini kama siku 90 kabla ya kupatikana nyumbani. Mwaka 2020 Universal na AMC za Marekani zilikubaliana kuushusha muda huo hadi siku 17, na kwa filamu nyingi kubwa siku 45 zimekuwa jambo la kawaida. Mwenye subira na bando hana haja ya kukata tiketi. Sababu pekee ya kumtoa nyumbani ni kwamba ukumbi unampa asichoweza kukipata kwake. Ukumbi unaopunguza mwanga ili kuokoa taa unakata tawi ulilokalia, na kwa mawazo yangu huo ndio uzembe mkubwa katika biashara hii, mkubwa kuliko bei yoyote ya bisi.

Habari njema ni kwamba kasoro hizi zinatambulika bila kifaa. Angalia tukio la mchana: shati jeupe lionekane jeupe, lisiwe na rangi ya chai wala kijivu. Angalia tukio la usiku: ukiona nywele za mtu zimejitenga na ukuta ulio nyuma yake, mwanga unatosha. Tazama pembe za skrini kama hazijafifia kuliko katikati kupita kiasi. Fumba macho mtu anapozungumza: sauti itoke mbele, katikati, na usihitaji kukaza masikio. Na kama picha ni pana na nyembamba, mistari ya juu na chini iwe myeusi, isiwe kijivu kinachong'aa. Kumbi za zamani zilikuwa na mapazia ya kuifunika mistari hiyo. Nyingi za sasa zimeyaacha ili kubana matumizi.

Ukiona kasoro, usimnong'oneze mwenzako. Toka, mtafute msimamizi, mwambie kwa adabu kwamba picha ya ukumbi namba fulani ina giza au maneno hayasikiki, na umwombe amwite fundi. Fundi akiwepo, sauti hupandishwa kwa sekunde chache na lenzi hubadilishwa kabla ya onyesho linalofuata. Ikishindikana, omba tiketi ya siku nyingine au fedha yako. Fanya hivyo ndani ya dakika kumi na tano za mwanzo, kwa sababu ukisubiri hadi filamu iishe, watakuambia umeshaitazama.